Kibuyu Kinachonuka Limau

Kwetu mwanamume hashiki kibuyu cha maziwa. Yeye ni wa kumiminiwa tu, kikombe mkononi. Kuosha, kuchoma kijiti, kupaka masizi ndani, kujaza na kufunika, hizo ni kazi za mama wa nyumba, na mwanamume akipita karibu na jiko wakati huo anapita akiangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe hayuko. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu niliijua mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kwa masikio na kwa mdomo. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nje ya jiko, nikisikia ile fimbo ya kusugulia, sosiot, ikizunguka ndani ya kibuyu, kwaru kwaru, na moshi wa kijiti cha senetwet ukipenya kati ya mbao. Nilikuwa nasema moyoni, siku si nyingi tutakunywa. Nani angefikiri hiyo ndiyo ilikuwa raha kubwa ya maisha yangu? Mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani raha ni bonasi ya chai.

Mke wangu alikuwa mtu wa mikono. Hakujua kukaa bure. Akisubiri maji yachemke, anafuma kitambaa. Sofaseti ilivaa vitambaa, redio ikavaa, themosi ikavaa, na mtungi wa gesi ambao kijana wetu alimletea, na ambao hakuwahi kuuwasha hata siku moja, aliufumia gauni lenye marinda. Nilikuwa namwambia, mama, nikisinzia hapa nitaamka nimevaa kitambaa. Anacheka bila kuinua macho. Kwenye ukuta wa nje alipanga maua ndani ya mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, na nyuma ya jiko alikuwa na mboga zake, managu na sageti, mistari imenyooka kuliko mistari yangu ya chai. Mvua ya mawe ikitupiga, na huku Bomet inatupiga kweli, majani yote yakabaki kama yametafunwa na mbuzi, mimi nilikuwa nashika kichwa. Yeye analeta kikombe. "Majani yataota," anasema. "Wewe kunywa."

Kibuyu chenyewe alipewa na mama yake siku tuliyooana. Begani kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa ngozi ya ng'ombe, na shingoni kilifungwa shanga, nyingine zimeshaanguka. Kwa nje kilikuwa chekundu cha kung'aa kwa mafuta ya mikono. Kwa ndani kilikuwa cheusi tititi. Kwa asiyejua, huo weusi ni uchafu. Anayejua anajua kwamba hapo ndipo kazi ilipo. Unakata kijiti cha senetwet, ule mti mdogo wa maua ya njano unaoota kwenye ua, unakichoma mpaka kiwe kaa, unakitumbukiza ndani kikiwa bado chekundu na kukisaga kwa sosiot mpaka kuta zote zipakwe. Ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unafunika, unaacha. Kila ukijaza, masizi mapya yanashika juu ya yale ya zamani. Kibuyu kinaoshwa kwa maji moto peke yake. Sabuni hapana. Hilo halifundishwi, mtoto wa hapa anazaliwa akilijua.

Asubuhi tuliyompeleka hospitali alikuwa amekijaza. Alikuwa hawezi kusimama vizuri, lakini alikijaza, akiwa amekaa kwenye stuli, akipumzika kila baada ya muda. Nilipokuja kumwita kwamba gari limefika, alikuwa anabana kifuniko. "Hii isiguswe mpaka nirudi," akaniambia. "Bado changa."

Alirudi ndani ya sanduku.

Watu wa mazishi walikuwa wengi, na mtu mmoja akauliza kama hakuna mursik kwa ajili ya wazee waliotoka mbali, wengine walikuwa wametoka mpaka Kiptere. Nikaingia jikoni nikakichukua kibuyu, mimi mwanamume, mbele ya wanawake wote, nikakipeleka chumbani nikakisukuma chini ya kitanda. Nadhani walisema ni uchungu. Sawa, ulikuwa uchungu, lakini pia ulikuwa uchoyo, na hata leo uchoyo huo siuombei msamaha. Ilipoiva niliinywa peke yangu, kidogo kidogo, kikombe cha chai hakijai, kila Jumapili nikitoka kanisani. Nilipofika mwisho nilikigeuza kibuyu nikasubiri tone. Halafu nikakirudisha mahali pake, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, kitupu.

Kaburi lake liko juu, karibu na mstari wa kwanza wa chai. Naenda, nang'oa magugu, narudi. Huko hayuko. Nasema hivi nikijua mchungaji hatafurahi. Alikuwa ndani ya kibuyu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukamua, nilikuwa naingia jikoni, natoa kifuniko, naingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu na kuvuta pumzi. Moshi, maziwa yaliyochacha kwa adabu, na kitu kingine cha katikati ambacho hakina jina, kitu cha mikono yake. Haki ya Mungu, alikuwa anakuja mzima. Aproni yake, kucheka bila kuinua macho, kila kitu. Nilikuwa nafunika haraka ili asiishe, nikijipangusa macho kwa mkono wa koti, na siku yangu inaanza. Bila hiyo, sijui ningeanzaje.

Sasa, kijana wangu ana duka pale Silibwet, na baada ya mazishi alimleta mke wake akae hapa nyumbani, nisile ugali baridi. Msichana huyo alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai kule Kericho. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya kiwandani. Ni mtu mzuri. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Kwao mwanamke anajulikana kwa sufuria. Mama yake alimfundisha kusugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka ujione uso, na sufuria isiyong'aa mbele ya mgeni ni matusi. Wiki ya kwanza tu, masufuria yangu yaling'aa kwenye kichanja mpaka kunguru wakawa wanakwepa.

Lakini kuongea, hatukuongea. Baba mkwe na mke wa mtoto, kwetu na kwao vilevile, hawakai wakipiga domo. Anaweka kikombe kwenye stuli. "Baba, chai iko hapa." Nasema asante nikiangalia mlango. Anaondoka akiangalia chini. Ni heshima. Tulipeana heshima hiyo mwaka karibu mzima, na sasa nikiifikiria nataka kuitupa shimoni.

Siku hiyo nilitoka kupeleka majani ya chai kituoni. Nikaingia boma nikiwa na njaa na furaha kidogo, kwa sababu jua lilikuwa limewaka. Vyombo vilikuwa kichanjani. Na katikati ya masufuria, kimeinamishwa mdomo chini kama kikombe cha kawaida, kilikuwa kibuyu. Kinang'aa. Hata shanga ziling'aa.

Nilikiinua. Kilikuwa chepesi. Nikachungulia ndani, na pale palipokuwa peusi nikaona rangi ya mbao, imekwaruzwa kwa waya wa chuma uliofungwa kwenye kijiti. Nikaingiza pua.

Limau. Limau! Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kijani.

"Nani amekwambia uguse hii?" Sauti iliyotoka siijui. Sikuwahi kumpigia kelele, na sikuwahi kumwangalia usoni mpaka siku hiyo. Alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi, bado anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa, na nililiona likianguka. "Kwani wewe ni mtu wa aina gani? Umeua! Umeua kabisa!" Akaingia jikoni. Mimi nikakaa kwenye benchi na kibuyu mapajani, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa, mchana kweupe, kuku wakiniangalia.

Baada ya muda mrefu nikamsikia akiongea kutoka ndani. Kati yetu kulikuwa na ule ukuta wa mbao ambao moshi wa senetwet ulikuwa unapenya zamani. Nadhani bila ukuta asingeweza.

"Baba," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Nikakigeuza kibuyu mapajani.

"Kila asubuhi unainusa. Unainusa, halafu unafunika haraka, halafu unapangusa macho. Nikajua inanuka vibaya. Nikajua unaona haya kuniambia niioshe. Nikasema mimi ni mke wa aina gani, mzee anaumwa na harufu ya chombo kila siku na mimi niko hapa nalala tu."

Ai! Mungu wangu. Ningesema nini? Mwaka mzima mtoto wa watu alikuwa ananihurumia. Aliamka mapema siku hiyo, akachemsha maji, akaloweka, akasugua mpaka kidole kikatoka damu, baadaye nilikiona kimefungwa. Hakuna mtu aliyekosa. Nimetafuta mkosaji, nimetafuta sana, kwa sababu angekuwepo ningekuwa na wa kumchukia na ningepata nguvu. Hayuko. Kuna adabu tu, yangu na yake.

Wengine wangeacha hapo. Mimi ni mbishi. Nilikata senetwet kwenye ua kwa mikono yangu, nikakaa kwenye ile stuli ya mke wangu, nikachoma, nikasaga. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alinikuta hivyo, uso mweusi kwa masizi. "Woi, jirani!" akapiga makofi. "Umeolewa lini na hatukualikwa?" Nilimwambia aende zake. Alipokielewa kilichotokea aliacha kucheka, akachukua kibuyu, akakinusa, akanirudishia taratibu. "Kimeshakunywa sabuni," akasema. "Hii haitoki. Panda kingine tu." Kingine nipande! Kama vile nilikuwa natafuta kibuyu.

Nilijaza maziwa. Nikangoja siku ambazo masikio yangu yalikumbuka kwamba ni za kungoja. Nikamimina. Rangi ilikuwa sawa, ile ya kijivu inayokaribia samawati, na moyo ukaruka. Nikaonja. Moshi mwanzoni, halafu, nyuma ya ulimi, limau. Nikasema ni mara ya kwanza tu, itaisha. Nikasugua tena kwa maji moto, nikapaka masizi mengi zaidi, nikajaza tena. Limau. Nikajaza tena. Nilikunywa yote, sikumwaga hata tone, nikifunga macho na kujilazimisha kuitafuta ile ya zamani ndani ya hii mpya, kama mtu anayechimba viazi gizani. Miezi ilipita hivyo. Managu ya mke wangu yalizidiwa na magugu. Mikebe ya maua ilipata kutu, mingine ikatoboka. Mke wa mtoto alijaribu kuimwagilia, lakini nadhani alikuwa anaogopa kugusa chochote.

Juzi jioni nilikuwa kwenye benchi. Mvua ya mawe ilikuwa imepita mchana, majani yamelala mistarini, na harufu ya chai iliyopondeka ilikuwa imejaa boma lote. Hakuna aliyeniambia yataota. Nikasikia kwaru kwaru. Ndani ya jiko, fimbo inazunguka kwenye kibuyu. Nywele zilinisimama. Halafu moshi ukapenya kati ya mbao, na kidogo tu, kidogo kabisa, nikataka kuita jina.

"Baba," akasema yule msichana kutoka upande wake wa ukuta. "Nimefundishwa na jirani. Nimeanza kujua. Lakini nataka kuifanya kama ya Mama. Niambie, ya Mama ilikuwa na ladha gani hasa?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikafumba macho, nikarudi nyuma kwenye zile Jumapili, kwenye kikombe kisichojaa, kwenye asubuhi zangu za pua ndani ya kibuyu. Nikatafuta moshi, nikaupata. Nikatafuta kile cha katikati kisicho na jina. Kilichokuja mdomoni kilikuwa limau. Nikarudi nyuma zaidi, siku alizokuwa mzima, siku za mvua ya mawe, anakuja na kikombe, wewe kunywa, na mimi nakunywa, na ni limau. Kila mahali nilipomtafuta, sabuni ilikuwa imenitangulia.

"Ilikuwa tamu," nikasema.

"Tamu aje, Baba?"

Nilivuta ule moshi uliopenya kati ya mbao, na yeye, upande wake wa ukuta, alisimamisha fimbo akangoja.