Nilivyoitikia Apeli ya Mjukuu Wangu

Huku kwetu Uvira, ukiitwa unaitika "Karame!" hata kama uko chooni. Mtoto asipokuwepo, mkubwa aliye karibu anaitika badala yake, kisha anaeleza aliko. Kunyamaza mtu anapoita ni dharau. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomponza mjukuu wangu wa kike.

Yeye anasoma chuo kikuu kimoja cha Bukavu bila kuondoka mtaani kwetu Kavimvira. Masomo yanaingia kwenye simu, nayo simu anaiegemeza kwenye kopo la maziwa. Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo nilipenda kukaa pembeni nisikilize. Lilikuwa darasa la ajabu: wanafunzi wamezima kamera, wamefunga mikro wasisikike, kimya. Profesa maskini aliuliza, "Tuko pamoja?" na hakuna aliyemjibu.

Siku moja mvua ilianza ghafla, mjukuu akakimbilia uani kuanua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hapohapo profesa akaanza apeli, kuita majina ajue nani yupo. Akaita jina lake. Kimya. Akaita tena. Nikashindwa kuvumilia, nikabonyeza alama ya mikro kama nilivyomwona akifanya.

"Karame!" nikanguruma.

Kicheko kikalipuka. Kumbe mle ndani kulikuwa na watu!

"Mademuazeli, leo umeota ndevu?" profesa akauliza. Kisha sauti yake ikabadilika. "Kuitikia apeli ya mwingine ni udanganyifu. Huyu hatafanya mtihani wangu."

Ningeeleza. Badala yake niliogopa, nikabonyeza penye rangi nyekundu, darasa zima likapotea. Mjukuu aliporudi amelowa nikamwambia, "Koneksio iko imekata." Jioni wenzake wakamwandikia yote.

"Babu, weye ungesema tu," aliniambia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Somo lililofuata nilivaa koti, nikaomba kiti mbele ya simu. Akaniwashia kamera.

"Profesa, ile sauti iko yangu. Mutoto alikuwa anaanua ndagala. Nilikosea kuitikia, tena nikakosea kukimbia. Tafadhali, umuache afanye mtihani."

"Lakini muzee, kwa nini uliitikia?"

"Ulimwita mara mbili. Nyumba iko na watu, nikuache uite ukuta?"

Aliinama akatoweka kiooni, nikadhani safari hii koneksio imekata kweli. Kisha akacheka.

"Minye niko naita ukuta tangu mwaka uanze, muzee. Haya, atafanya mtihani. Lakini leo kila mtu afungue mikro, aitike kwa mdomo wake."

Majina yakaanza. Mmoja aliitika huku ng'ombe wa kijijini kwao Luberizi wakilia nyuma yake. Mwingine alikuwa akibembeleza mtoto.

"Kumbe weye uko mama!" mtu akashangaa.

"Ulifikiri niko nani? Na weye mwenye ng'ombe, maziwa yetu iko wapi?"

Profesa aliwaacha wataniane kidogo. Lilipofika jina la mjukuu nilijiziba mdomo kwa kiganja. Aliitika mwenyewe, halafu, kabla hajaitwa mwingine, akauliza jambo ambalo hakulielewa tangu somo la kwanza. Sauti nyingine tatu nne zikasema nazo hazikulielewa. Profesa akaguna, akaanza kulieleza upya.

Nikavuta kiti karibu ili nami nielewe. Mjukuu akanisukuma bega.

"Babu, toka sasa. Tuko tunasoma."