Ganda la Risasi na Ugoro wa Bibi

Baba yangu ni askari wa boma hapa Songea, na sheria ya boma ni hii: ukifyatua risasi, ukirudi uonyeshe ganda lake. Asiye nalo hulazwa kifudifudi mbele ya wenzake, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Na ganda lazima linuke baruti. Tangu vita ya Maji Maji, pori limejaa maganda ya zamani, na wapo askari waliowauzia wawindaji risasi kisha wakaokota ganda lolote. Kwa hiyo shaushi, mkubwa wao, hunusa.

Mwezi uliopita baba alirudi kutoka doria ya Matogoro na ganda moja. Alimfyatulia mtu aliyekimbia, akamkosa, ndivyo alivyotuambia. Akaliweka dirishani, akalala.

Asubuhi halikuwapo. Baba alipekua mpaka majivu ya jikoni. Bibi, mama yake, alikuwa kizingitini akinusa ugoro.

"Mama, umeutia wapi huo ugoro?"

"Katika kikopo. Nilikikuta kimekaa bure, na kibuyu changu kimepasuka."

"Huo ni mgongo wangu, mama!"

"Mgongo gani usiojaa hata kiganja?"

Baba alimwaga ugoro, akalisugua ganda kwa mchanga, akatoka mbio. Bibi akamfuata, nami nikamfuata bibi. Mimi huona haya mbele za watu, nikabaki nyuma ya ukuta wa ghala.

Shaushi alinusa. Akanusa tena. Akapiga chafya.

"Hii baruti ya wapi, wewe?"

"Ya bunduki yangu, efendi. Mama alitia ugoro humo."

"Kweli tupu!" bibi alipaza sauti. "Tena mkali, wa Umatengo. Pua yako ni shahidi!"

Askari wakacheka. Nadhani bila kicheko kile baba angepona, maana shaushi alikwisha kulitupa ganda kikapuni pamoja na mengine. Akalitoa tena.

"Lala."

Hakuna aliyemwuliza alimlenga nani, wala kama mtu yule yu hai. Viboko vilihesabiwa kwa sauti, havikukosewa hata kimoja.

Jioni bibi alimpaka baba mafuta ya mbarika mgongoni. Ugoro alikuwa ameufunga kwenye pindo la nguo.

"Mama," baba alisema, uso ukiwa mkekani.

"Nini, mwanangu?"

"Nipe na mimi kidogo."