Sauti Niliyompa Bi Hidaya

Usiku ule binti wa Bi Hidaya alipolala chumba namba tatu, mama yake alinijia.

Nitaanza na huyo binti, maana bila yeye ndoto yenyewe haina miguu.

Nina nyumba ya wageni hapa Njombe, vyumba tisa. Marehemu mume wangu ndiye aliyeijenga. Zamani hapakuwa na nyumba nyingine mjini yenye maji ya moto, kwa hiyo watu wakubwa walilala kwangu. Alilala bondia mmoja aliyekula mayai manane asubuhi, kisha akaomba chai isiyo na sukari kwa kuwa anaogopa kunenepa. Alilala waziri aliyeingia kitandani na koti lake la suti, na kulipokucha akanisihi nisimwambie mtu kuwa baridi ya Njombe imemshinda. Alilala mtangazaji wa mpira ambaye wahudumu wangu walimtambua kwa sauti tu, akiomba sabuni kutoka bafuni, wakaanza kushangilia kama kuna goli. Wageni wanapenda sana habari hizi. Huwapa wakati wa chai, nazo hunitoka mdomoni huku mikono ikikunja shuka.

Ila wanayoitaka kuliko zote ni habari ya Bi Hidaya, mwimbaji wa taarabu kutoka Tanga. Kuna wakati harusi haikuitwa harusi kama sauti yake haikusikika. Alikaa kwangu siku kumi na moja, mwaka wake wa mwisho. Huwaeleza alivyokuwa akishinda nami jikoni akimenya viazi, na jinsi siku moja kabla ya kuondoka alivyoweka kisu chini, akaniimbia mimi peke yangu, mpaka moto wa kuni ukazimika bila mimi kujua. Wageni huweka vikombe chini hapo. Wengine hufuta macho. Mimi hujimiminia chai.

Miaka sita imepita tangu afariki. Nilisikia habari ya kifo chake redioni nikiwa napiga pasi foronya. Nikamaliza zote kumi na nane, nikazipanga kabatini. Nilingoja kuona kama nitalia. Sikulia.

Ijumaa moja mchana akaingia mapokezi mwanamke mwenye mkoba mmoja, macho mekundu kwa safari.

"Shikamoo, mama. Naitwa Salma. Mimi ni mtoto wa Bi Hidaya."

Dereva mmoja wa lori aliyewahi kulala kwangu alikuwa amemsimulia habari ya wimbo ule. Nilimpa chumba namba tatu, kile kile, nikampikia. Tulipokaa kula aliniuliza, hata kabla hajanawa:

"Ni kweli aliimba?"

"Aliimba."

"Wimbo gani?"

Nikamwambia ni ule wa kumtoa bibi harusi. Hata sikufikiri. Siku zote ndivyo ninavyosema.

Salma akarudisha mkono wake mapajani. "Mimi ndiye niliyemuuguza miezi minne ya mwisho," alisema. "Hakunisemesha hata neno. Alikuwa anaandika kwenye karatasi: maji, dawa, funga dirisha. Nilimwomba aniimbie, hata ubeti mmoja tu, akageukia ukutani. Nikajipa moyo kwamba koo limeharibika, sauti imekwisha. Kumbe alikuwa nayo." Akatazama sahani. "Akaja kuiacha huku, kwa mtu asiyemjua."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimwona akilia mbele yangu, mtoto wa mwenzangu, na moyo wangu ukawa umekaa tu, kama gunia lililoegemezwa ukutani.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Chakula kinapoa."

Akala kidogo, akaenda kulala. Nami nikalala.

Sasa nipo jikoni. Ni mchana, lakini ukungu umebana dirisha na siuoni hata mti wa uani. Bi Hidaya amekaa kwenye kigoda, amevaa dera la kijani, na juu yake sweta langu la kahawia nililomwazima. Anamenya viazi. Najua kwamba amekufa, wala sishangai. Ninachoona cha ajabu ni ganda la kiazi tu, refu, linashuka mpaka sakafuni na halikatiki.

"Maji yamechemka?" ananiuliza.

Na sauti ni ile ile aliyokuja nayo. Haikuwa sauti. Ilikuwa hewa, kama mtu anayepuliza makaa.

Maana huo ndio ukweli ambao wageni wangu hawajawahi kuusikia. Bi Hidaya alifika kwangu koo likiwa limeshaharibika. Hakuweza kuimba, na kusema kwenyewe alisema kwa taabu. Alikuja Njombe kwa sababu hakuna aliyemjua kwa sura. Siku ya kwanza alinishika mkono akaninong'oneza, "Mama Skola, hapa mimi ni mgeni wa chumba namba tatu basi. Jina langu usilitoe." Nikamwapia kwa kaburi la mume wangu.

Ndani ya ndoto nataka kumjibu kuwa maji yamechemka. Nageuka kuchukua sufuria, na pale penye jiko pamekuwa sokoni. Nimesimama mbele ya Mama Luka, rafiki yangu anayeuza kabeji, na kinywa changu kinafunguka. Nauona mkono wangu ukipanda kukiziba. Hauwahi. Nasikia maneno yangu yakitoka taratibu, matamu:

"Unajua ni nani yuko kwangu?"

Ndivyo nilivyofanya kweli. Siku ya kumi. Nilimwambia mtu mmoja tu. Sikuwa na ubaya na Bi Hidaya. Niliona tu kwamba nimekaa na jambo kubwa na hakuna anayejua kuwa ni langu.

Sijatembea, lakini soko limeshakuwa geti la nyumba yangu. Watu wamejaa. Kesho yake, siku ya kumi na moja, walikuja kama thelathini, wengi wao wanawake waliocheza nyimbo zake kwenye harusi zao. Katika ndoto yumo na bondia, ameshika sahani ya mayai, na waziri ndani ya koti lake, na mtangazaji ambaye safari hii hasemi kitu. Wote wananiangalia kwa adabu, kama wanangoja kupewa vyumba.

"Aimbe," wanasema. "Ubeti mmoja tu."

Bi Hidaya anatoka chumba namba tatu. Hana hasira. Amejitanda mtandio vizuri, amejiweka wima kama mtu anayepanda jukwaani. Akafungua kinywa. Siku ile nilikuwa nyuma yake, nikaona mabega yakipanda, shingo ikikaza, kisha ukatoka mkwaruzo, na baada ya mkwaruzo hewa. Alijaribu mara mbili. Watu wakatazama chini. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hata hawakuagana. Naye akaingia ndani, akakunja sweta langu, akaliweka juu ya mto, akaondoka na gari la mchana. Pale mlangoni alinishukuru kwa viazi.

Baada ya yeye kuondoka, mgeni wa kwanza kuniuliza habari zake nilimwambia aliimba. Nilitaka angalau pale mdomoni mwangu aimbe. Wa pili nikamwambia hivyo hivyo. Baadaye nikawa sioni tofauti.

Lakini katika ndoto watu hawaondoki. Wamesimama pale getini, na Bi Hidaya ananipa mgongo, anarudi chumbani, nami namfuata. Korido ni ndefu kuliko nilivyoijenga na marehemu. Ninapita milango ambayo sina funguo zake. Nafika chumba namba tatu, na tayari tumekaa, mimi na yeye, ukingoni mwa kitanda. Kitandani amelala Salma. Ameuelekeza uso ukutani.

Bi Hidaya ananyoosha mkono kuzigusa nywele za mwanawe. Mkono unakwenda, unakwenda, haufiki.

"Umenipa sauti nzuri," ananiambia. "Ila umemnyang'anya huyu."

Nayaangalia magoti yangu.

"Nilimgeuzia uso asinione nalia. Sikumnyima, Mama Skola. Sikuwa nayo."

"Mwambie," namwambia. "Si huyu hapa? Mwambie mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma, mimi niliyemtoa mafichoni. Akafungua kinywa juu ya sikio la mtoto wake. Mabega yanapanda, shingo inakaza. Hata mkwaruzo hautoki. Hata hewa. Akakifunga polepole, akaninyooshea kidole mimi, akanigusa nacho kifuani, na kilikuwa cha baridi kiasi kwamba nikashtuka.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, jogoo wa jirani anawika. Kifua kilikuwa kinaniuma pale aliponigusa, au nilikuwa nimekilalia vibaya; sitaki kuongeza. Kwenye korido nikasikia mlango ukifungwa. Nikatoka bila viatu wala kitenge cha kichwa. Salma alikuwa ameshabeba mkoba wake. Gari lake lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili.

"Umeamka, mama? Sikutaka kukusumbua. Nilitaka niondoke kimya kimya."

"Salma," nikasema. "Hakuimba."

"Nani?"

"Mama yako. Hakuniimbia. Hakumwimbia mtu. Alifika hapa hana sauti, ndiyo sababu alikuja, ajifiche. Akaniomba nisimtaje, nami nikamtaja sokoni. Watu wakaja pale getini wakamwambia aimbe, akajaribu, ikashindikana. Akaondoka siku ile ile. Hayo mengine nimeyatunga."

Alisimama palepale. Niliona maneno yakimfikia moja moja.

"Jana nimelia mbele yako," akasema. "Ukaniambia nile."

"Ndiyo."

"Ukanitajia mpaka wimbo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Hakupaza sauti. Alikwenda mpaka mlango wa mbele, akaufungua, baridi ikaingia yote. Nikadhani anaondoka. Nilikuwa na neno moja bado, nami niliogopa kulisema kuliko yale mengine yote, kwa kuwa mtu aliyedanganya mara moja, ndoto yake nani ataiamini? Nikalisema hivyo hivyo, mgongoni kwake.

"Amenijia alfajiri hii. Anasema hakukunyima. Alikugeuzia uso usimwone analia. Hakuwa nayo."

Salma hakugeuka. Kwa mbali stendi gari lilipiga honi, likapiga tena. Akauliza, bado anaangalia nje:

"Alikuwa amevaa nini?"

"Dera la kijani. Na sweta langu la kahawia."

"Lile dera tulilitoa sadaka baada ya arobaini," akasema. "Lilikuwa na mchirizi wa chai begani. Hapa."

Akajigusa bega la kushoto. Sikuwa nimeuona huo mchirizi. Sweta lilikuwa limefunika. Ulimi uliniwasha niseme nimeuona. Ungemfariji.

"Begani sikuona," nikasema.

Hapo ndipo akageuka. Alinitazama muda mrefu, kichwa wazi, miguu peku kwenye saruji, mwanamke mzima anayetetemeka. Akausukuma mlango ukajifunga. Akaweka mkoba chini, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akasogea kidogo kunipisha nafasi.

"Nisimulie tangu alipofika," akasema. "Polepole. Na usiongeze kitu."