Mkono Alioutambua Dagane

Abshiro alichoka kurudia kila neno mara tatu kwa mumewe, Dagane. "Si kiburi, ni masikio yake," alimwambia binti yao Hibo. "Mpeleke hospitali, uwe mkalimani wake. Mimi Kiingereza cha madaktari sikiwezi."

Ilikuwa mwaka 2008. Dagane alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka saba alikuwa akisimama mbele ya mashine ya kukata mabati katika karakana moja huko Digbeth, mjini Birmingham. Alitoka nyumbani kwao Hodge Hill asubuhi, akarudi saa kumi, akala alichopewa, akaketi. Majirani walimwita mpole. Abshiro hakukubaliana nao. Alisema ukimletea mumewe habari ya harusi au ya msiba, zote anazipokea kwa uso mmoja.

Abshiro alikuwa Msomali wa Mombasa. Huko ndiko alikokutana na Dagane mwaka 1991, alipofika kutoka Berbera, kwao Somalia, akiwa mkimbizi mwenye mfuko mmoja. Lugha ya nyumba yao ikawa Kiswahili cha Abshiro. Hata baada ya kuhamia Birmingham waliendelea nacho, ingawa Hibo, sasa akiwa na miaka kumi na sita, alikisikia chote na kujibu kwa Kiingereza.

Hospitalini walipokelewa na mpimaji wa masikio, mama mmoja aitwaye Manjit. Alimweka Dagane ndani ya chumba kidogo kisichopitisha kelele, akamvalisha vipokea sauti na kumpa kitufe. Kila atakaposikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, abonyeze. Hibo alikaa nje ya kioo, karibu na Manjit.

Baada ya dakika kama kumi Manjit aliacha kuandika. Akafungua mlango.

"Muulize baba yako," alimwambia Hibo, "mbona anabonyeza kabla sijatoa mlio?"

Hibo akatafsiri. Dagane alivua vipokea sauti taratibu.

"Mwambie anisamehe. Nimeshaujua mkono wake."

"Mkono gani, Dad?"

"Anatoa milio miwili, anapumzika, wa tatu anauchelewesha kidogo. Sikuusikia ule wa tatu. Nilijua tu kwamba unakuja."

Manjit alicheka, kisha akaona Dagane hacheki. Akauliza amejifunza wapi jambo kama hilo. Hibo akadhani baba yake atasema sijui, kama kawaida yake. Lakini Dagane alijibu, akiangalia kile kitufe mkononi.

"Nilikuwa jeshi la wanamaji la Somalia. Kazi yetu ilikuwa kunasa redio za adui bila wao kujua. Vita vya 1977, sisi na Ethiopia."

Hibo aligeuka kumtazama. Kwenye karatasi zote za ukimbizi, alizowahi kumsaidia kujaza, baba yake aliandika kazi yake ya zamani kuwa fundi redio.

"Endelea kumtafsiria," Dagane alimwambia. "Anangoja."

Akaeleza kwamba waliofundishwa Morse, ile lugha ya redio ya milio mifupi na mirefu, waliweza kumtambua mtumaji kwa namna alivyobonyeza, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo waliyoiita mkono. Yeye alifundishwa na Mrusi, mtu mnene aliyewaletea chai mwenyewe na kuwapiga vidole kwa rula wakikosea. Mwaka ule wa vita serikali ya Warusi ikahamia upande wa Ethiopia, na Warusi wote wakafukuzwa nchini. Mwalimu alimpa Dagane mkono wa kwaheri, akaondoka na sanduku lake.

"Miezi miwili baadaye niko zamu mchana, nasikiliza meli za upande wa pili. Nikamsikia mwalimu. Ule mlio mrefu wa mwisho alikuwa akiuvuta kila mara. Alitukataza sisi tusiuvute, lakini mwenyewe akauvuta."

"Ukafanya nini?" Hibo aliuliza. Manjit hakuwa ameuliza chochote.

"Nikaandika. Saa, masafa, upande sauti inakotoka. Mkubwa wangu akaniuliza, una hakika ni yeye? Nikasema ndiyo. Siku tatu nikamfuata, kila siku nikaandika. Siku ya nne hakusikika tena."

"Walimuua?"

"Sijui. Labda walimhamisha. Siku ile kulikuwa na wali na samaki. Nilikula, nikaongeza."

Hibo hakuitafsiri sehemu hiyo. Alimwambia Manjit kwamba baba yake alikuwa mtu wa redio zamani, basi. Manjit akaomba radhi, akaanza kipimo upya, safari hii akiutoa mlio ovyoovyo bila mpangilio. Matokeo yalikuwa mabaya. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha zaidi ya nusu.

Jioni Hibo alimweleza mama yake jikoni. Abshiro aliacha kukanda unga, akaenda sebuleni na mikono yake vilevile.

"Miaka kumi na saba, Dagane. Hata mimi?"

"Tuliapishwa tusiseme."

"Serikali iliyokuapisha iko wapi leo?"

Dagane aliitazama mikono ya mkewe yenye unga.

"Na huyo mwalimu wako, hukutaka kujua kilichompata?"

"Nilitamani nitake kujua," alisema. "Haikuja. Mpaka leo haijaja."

Abshiro alisimama pale bado, unga ukimkauka vidoleni, kisha akaketi kando yake. Hakumwuliza tena siku ile.

Wiki tatu baadaye Dagane alipewa vifaa vya kusikilia, na karakana ikamhamishia stoo, mbali na mashine. Aliitikia sasa mara ya kwanza anapoitwa. Kwa mengine hakubadilika sana.

Jumamosi moja Hibo alikaa naye mezani, akaongea Kiswahili chake cha kujikwaa.

"Baba, huyo mwalimu, jina lake alikuwa nani?"

Dagane alilitaja. Hibo akaomba alirudie, kwa kuwa lilikuwa refu, akaliandika nyuma ya daftari la hesabu. Dagane aliliangalia lile jina, akamrekebishia herufi moja, akainuka kwenda kutawadha.