Daktari wa Namba ya Kanada

Meseji ya kwanza kuingia kwenye ile namba, kabla hata sijaweka picha wala jina, ilisema hivi:

"Daktari, ameanguka tena. Mara tatu tangu asubuhi. Naomba unijibu."

Mimi siyo daktari. Nauza dawa za mifugo hapa Katesh. Ujuzi wangu unaishia kwenye chanjo za kuku na dawa ya kupe.

Na namba yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nayo kwa dakika nne tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Naitwa Marko. Kwetu ni Mbulu, ila kazi iko Katesh. Kulikuwa na binti anaitwa Paskalina, fundi cherehani, amepanga mtaa wa pili kutoka dukani kwetu. Tulikuwa pamoja zaidi ya mwaka. Kwa mama yake nilishakwenda kusalimia, na nyumbani wameanza kuniuliza habari za posa.

Halafu nikala bloku.

Hakuna ugomvi, hakuna kwaheri. Simu haipiti. Picha ya Wasap imepotea. Naenda kwake, mlango una kufuli na cherehani haipo. Jirani mmoja akaniambia amehamia Singida. Mwingine akasema ameonekana na mwanaume.

Nikawa situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nje nashika simu. Mteja anataka dawa ya minyoo ya mbuzi, mimi nampa ya ng'ombe. Bosi akanionya mara mbili.

Mtu wa kumwaga moyo nilikuwa naye mmoja: Maxi, fundi simu pale karibu na stendi. Yeye nilikuwa namwambia kila kitu changu.

"Mwana, unateseka bure," akaniambia. "Chukua namba ya nje, fungua Wasap mpya, mcheki kama mtu mwingine kabisa. Utajua yuko wapi na yuko na nani."

"Namba ya nje naipatia wapi na mimi niko Katesh?"

Akacheka, akafungua kompyuta yake.

Kumbe kuna mitandao inakodisha namba. Hakuna laini, hakuna kusajili kwa alama ya kidole. Namba inakaa mtandaoni tu. Ukifungua akaunti, zile tarakimu sita za uthibitisho zinatua pale kwenye ukurasa, unaziandika kwenye simu yako, umeingia. Uko Katesh lakini unaonekana mtu wa Kanada.

Ukurasa wa Maxi ulikuwa na namba tano. Kabla hajanichagulia, akaingia mteja na simu iliyodumbukia majini.

"Chukua ile ya mwisho," akasema huku anamwendea mteja.

Kwa presha niliyokuwa nayo, nikanakili iliyo juu yake. Wala sikujua kama nimekosea. Tarakimu sita zikaja, nikaingia, nikamuaga, nikarudi dukani.

Hapo ndipo "Daktari, ameanguka tena" ikaingia.

Nikajibu: "Mama, umekosea namba. Mimi siyo daktari."

Ikaja voisi. Sauti ya mama mtu mzima, anahema kama ametoka kukimbia:

"Daktari, uliniambia watakuja watu kuniambia wewe siyo daktari, nisiwasikilize. Sijawasikiliza. Usinijaribu tena, baba. Zile dawa za hospitali nilizitupa chooni kama ulivyosema. Ule unga alioleta mwakilishi wako umeisha. Sasa nimpe nini?"

Nilisikiliza voisi ile mara tatu nikiwa nimesimama katikati ya duka.

Kwa akili ya kawaida ningefuta akaunti, yaishe. Nilishaweka kidole kabisa kwenye kufuta. Kidole kikagoma.

Nikampigia binamu yangu Irene, nesi. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Nikamsomea zile meseji.

"Anaanguka halafu mwili unakakamaa?" akauliza.

"Sijui. Anasema ameanguka mara tatu tangu asubuhi."

"Marko, hizo zitakuwa dawa za kifafa. Dawa za kifafa hazikatwi ghafla. Huyo mgonjwa anaweza kufa leo. Mwambie wampeleke hospitali sasa hivi."

"Nimeshamwambia mimi siyo daktari. Anasema namjaribu."

"Basi mwambie kama daktari wake."

Nikaandika. Nikafuta mara nne, mwisho nikatuma: "Mama, umefaulu. Usimpe kitu chochote mdomoni akiwa anatetemeka. Mlaze kwa ubavu. Namtuma nesi wangu leo leo. Nielekeze mlipo."

Jibu likaja hapo hapo: kijijini Getanuwas. Mkivuka korongo, nyumba ya bati yenye tanki jeusi. Asante daktari, Mungu akubariki.

Ile "Mungu akubariki" ilinichoma.

Nikamdanganya bosi kwamba nina msiba. Nikamchukua Irene kwa pikipiki. Vumbi la kule tambarare mnalijua. Mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe, na mara zote mbili nilipiga honi kama kichaa mpaka mchungaji mmoja akaniinulia fimbo. Kila ujumbe ukiingia kwenye simu Irene anausoma nyuma yangu kwa sauti. "Ameanguka ya nne." Halafu: "Mmefika wapi?" Halafu kimya, na ule ukimya ndio ulinifanya niongeze mwendo.

Nilikuwa najiandaa kukuta mtoto, au mzee.

Mama mmoja alikuwa amesimama nje, amejifunga kanga, simu mkononi.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Nyie ndio watu wa daktari?"

"Ndiyo," Irene akajibu, akapitiliza ndani bila kuvua viatu.

Nikamfuata.

Kwenye godoro la chini, paji la uso limechanika, mdomo una damu iliyokauka, alikuwa amelala Paskalina.

Macho yalikuwa wazi. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Nani amekuleta huku?"

Nikapiga magoti kando ya godoro. Yule mama akasema, "Mwanangu, ni watu wa daktari." Nikajua kwamba huyu ndiye shangazi yake, Perpetua, ambaye nilikuwa namsikia tu.

Irene alikuwa anapima mapigo, anauliza maswali bila kugeuka. Huyo daktari mlimpataje?

"Alitutafuta mwenyewe," shangazi akasema. "Alimwandikia Paskalina. Alijua jina lake. Alijua alianguka siku ya Pasaka, chumbani kwake, akapiga kichwa kwenye mguu wa cherehani. Sisi hatukumwambia mtu! Tukasema huyu ametumwa na Mungu. Akataka tuendelee kwa simu yangu, mgonjwa apumzike."

Kuna kitu sijawaambia.

Siku ile ya Pasaka nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwinua Paskalina. Alipozinduka aliniambia neno moja tu: "Marko, usimwambie mtu." Anajua watu wanavyosema kuhusu ugonjwa ule. Anajua wateja wanavyopotea, na wakwe wanavyobadilika. Nikaapa.

Na siku mbili hazikupita nikamwambia Maxi. Siyo kwa ubaya. Nilikuwa na mzigo moyoni, nikautua kwa rafiki.

Paskalina alikuwa bado ananiangalia.

"Huyo daktari ni Maxi, eh?" akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilipeleka simu kwake abadilishe kioo. Wakati ananirudishia akaniuliza, 'Bado unaanguka?' Nikajua umesema. Nikafunga mlango, nikaja huku kwa shangazi. Daktari alipoandika, sikumwaza fundi simu. Ndiyo sababu ya bloku, Marko. Hakuna mwanaume."

Fundi mwenye simu yako mkononi ana namba zako zote. Na ile namba niliyoinakili kwa kukosea ndiyo Maxi aliyokuwa anajifanyia udaktari na kuuza unga. Nikatoa simu yangu, nikamwonyesha shangazi zile meseji zake zikiwa kwangu. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena. Halafu akakaa chini, palepale kwenye udongo, akajifunika uso na kanga.

"Nimezitupa kwa mkono wangu," akasema. "Chooni. Kwa mkono wangu."

Irene hakumwacha alie. Alimtuma kwa jirani mwenye gari, na kabla jua halijageuka Paskalina alikuwa njiani kwenda hospitali. Njiani alianguka ya tano. Nilikuwa nyuma na pikipiki, naona kupitia kioo cha gari kichwa cha Irene kinavyoinama. Ile dakika siwezi kuielezea.

Alipona. Namaanisha alirudishiwa dawa zake, na zinamshika vizuri.

Kesho yake duka la Maxi lilikuwa limefungwa. Alishajua kuingia kwangu kumemtupa nje ya akaunti yake. Nikapeleka simu polisi. Askari akaandika, akaandika, halafu akainua kichwa: "Na wewe namba ya Kanada ulikuwa unaitafutia nini?"

Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu. Ikabidi niseme, kwa sauti, ili aandike.

Maxi alikamatwa wiki ya tatu, kwa shemeji yake. Kwenye zile namba nyingine wamekuta wagonjwa wengine sita. Kesi inaendelea.

Mwezi uliopita nilimwona Paskalina siku ya mnada, anachagua vitambaa. Nikamsogelea, nikaomba msamaha wote ambao mtu anaweza kuomba akiwa amesimama juani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Na asante kwa kuja siku ile."

"Utanitolea bloku?"

"Hapana."

Akamlipa muuza vitambaa, akakunja vya kwake. Kabla hajaondoka akaniuliza:

"Hivi ungenipata kwa ile namba, ungeniandikia kama nani?"

Akaweka vitambaa kwapani, akaondoka.

Basi wewe unayesoma hapa huku umefungua ukurasa mwingine unatafuta namba ya kupokelea tarakimu sita, ili umfikie mtu aliyekufungia: huyo alishakujibu. Jibu lake ni ile bloku. Na ukiambiwa siri ya mwili wa mtu, usiitue kwa rafiki. Ikikulemea sana, rudi ukakae na mwenye siri yake.