Sentensi Isiyo Kamili

Mwanangu, ipo siku ninayoikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nafumba macho, nami nausikia mkwaruzo wa foni, ile redio ya kuzungumzia kutoka mji hadi mji, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Halafu ndani ya mkwaruzo ule, sauti ya mwanamke kutoka Komanda.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapa Bunia. Vita vilikuwa vimewatawanya watu, na kati ya wanafunzi wangu walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Niliwapenda. Niliupenda hata ukali wangu mwenyewe: mtoto akinijibu kwa neno moja, nilimwambia, “Sentensi kamili!” naye alianza upya.

Foni ilikuwa katika duka tupu la mwenye malori, antena yake ikiwa waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Hapo awali ilitumika kuuliza lori limefika wapi. Barabara zilipokatika, watu wakaanza kuja kuuliza jamaa zao wamefika wapi. Aliyewahudumia alikuwa Papa Anselmi, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Masikio yake yalikuwa yanamwacha. Mwenye malori alikuwa amesema kwamba asipopatikana mtu wa kushika kazi hiyo kabla ya Jumapili, ataing'oa foni na kuipeleka kwingine.

Papa Anselmi alipita karibu na dirisha la darasa langu nikisoma imla, akasimama, akasikiliza mpaka mwisho. Jioni akaja nyumbani.

“Mwalimu, sauti yako inaingia hata mu masikio yangu hii mabovu. Kuya, ushike foni.”

Basi, mwanangu, nikaanza kuhangaika. Nilimuuliza mkuu wa shule: je, naweza? Nilimuuliza dada yangu, nikamuuliza jirani, nikamuuliza hata mama aliyeniuzia sabuni sokoni. Huyo alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, “Mwalimu, miye najua sabuni tu.” Wengine walisema naweza, wengine walisema nitaharibu. Kila jibu lilinipunguza kidogo, hata yale mazuri, kwa sababu sikuliamini hata moja.

Ijumaa nikaenda kuketi kwenye foni, nione tu. Mama Furaha alikuwa hapo tayari. Walipokuwa wakikimbia kutoka kijiji chao cha Bogoro, binti yake Furaha, mwenye miaka kumi na miwili, alipotelea barabarani katika msongamano wa watu. Mama mtu alisikia tetesi kwamba mtoto alichukuliwa na watu waliokwenda Komanda, anakokaa wifi yake, nyuma ya kinu cha unga. Alikuwa amenieleza yote hayo kabla sijakaa vizuri.

Komanda ikaita. Papa Anselmi alitega sikio, akakunja uso, akatikisa kichwa, kisha akanipa kipaza sauti. Mimi nilisikia kila neno.

“Kile kitambaa cha maua mulikuwa munatafuta, kiko kwangu. Kimepasuka kidogo pembeni, lakini tuko tunashona.”

Mama Furaha akanishika mkono. “Ni wifi yangu! Ni mutoto wangu!”

Nami, mwanangu, ualimu ukanipanda kichwani. Kitambaa gani? Jibu gani hilo? Nikabonyeza kitufe na kusema kwa sauti yangu safi ya imla: “Rudia vizuri. Unasema Furaha, binti wa Mama Furaha wa Bogoro, yuko kwako pale Komanda, nyuma ya kinu?”

Nikaachia kitufe. Hakuna aliyejibu. Mama Furaha aliketi chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Mwanamume aliyekuwa mlangoni akasema, “Aa, mwalimu, umeua.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwenye redio kama ile aliweza kutusikia, na katika miaka ile mtu aliweza kutafutwa kwa sababu ya alikotoka tu. Ndiyo maana kwenye foni jina, kijiji na nyumba havikukutana kamwe. Mimi nilikuwa nimevikutanisha vyote, kwa matamshi mazuri.

Nikachukua mkoba wangu. “Papa, nimeona. Hii kazi haiko yangu.”

“Keti,” akasema Papa Anselmi.

“Papa, mtoto wa watu...”

“Nimesema keti. Kama unatoka sasa, nani atamusaidia huyu mama? Miye kiziwi?” Akavua kofia, akaiweka juu ya meza. “Juma nzima uko unauliza watu: naweza? Naweza? Hata muuza sabuni! Yeye atajua namna gani? Lakini foni yenyewe, haukuniuliza hata ulizo moja.”

Aliyasema bila ukali, na ndiyo sababu yaliniuma. Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikijiuliza habari za nafsi yangu. Kazi yenyewe sikuwa nimeichungulia.

Nikaketi, nikauliza. Juu ya nini kitambaa? Kwa sababu wifi ni fundi cherehani, akasema, na kitambaa kwake hakishangazi mtu. Wanaotusikiliza wako wapi? Hajui. Komanda bado wako hewani? Wapo, wanaogopa tu kujibu. Kila jibu lilizaa swali jingine. Mwishowe nikamgeukia Mama Furaha.

“Mama, wifi yako, vitu vyake vya maana anaficha wapi?”

Akafuta macho. “Sanduku yake ya ndoa iko kwa mama yake mukubwa, ngambo ya mto. Hakuna mwingine anajua.”

Papa Anselmi akanisogezea kipaza sauti. “Bien, vizuri, mwalimu. Sasa tafuta sentensi haiko kamili.”

Nikabonyeza. “Komanda, kile kitambaa, panya wameona kabati. Leo hii kitie mu ile sanduku kubwa.”

Nikaachia. Mkwaruzo tu. Nikasema tena. Mkwaruzo. Betri ikaisha.

Asubuhi tulikuwa mlangoni kabla duka halijafunguliwa. Foni ilipowashwa, ile sauti ikaja: “Kitambaa kililala mu sanduku. Panya hawakufika.” Mama Furaha alicheka, akalia, akampiga Papa Anselmi mgongoni mpaka kofia ikaanguka.

Jumatatu nikamwambia mkuu wa shule kwamba nimeshika foni. Watoto wangu kumi na mmoja wakaunganishwa na darasa la nne, na niliwalilia, sikufichi. Furaha alikuja na lori baada ya wiki kadhaa, akichechemea kidogo. Hadi leo sijui kama kuna mtu mbaya aliyenisikia ile Ijumaa. Swali hilo limekaa nami, na nadhani limenifanya niwe mwangalifu kuliko ambavyo sifa zozote zingenifanya.

Mwanangu unayesimama kati ya kazi mbili, nimekwambia haya kwa sababu nakuona unavyozunguka ukiuliza kama unaweza. Hakuna atakayekujibu ukashiba. Nenda ukaketi karibu na kazi hiyo siku mbili tatu. Iulize inataka nini, inaumiza wapi, kosa lake ni lipi na hurekebishwaje. Ukiona maswali yako yanazidi badala ya kukauka, ujue umeshaingia. Yakikauka, rudi ulikotoka bila aibu. Na ukikosea, usichukue mkoba kabla hujauliza nani anahitaji kosa hilo lirekebishwe.

Mungu akupe masikio ya kusikia ndani ya mkwaruzo. Akupe mtu wa kukuambia “keti” pale miguu yako inapotaka kukimbia. Na wote unaowatafuta hewani, siku moja wakufikie mlangoni, hata kama wanachechemea.