Bariere Ndani ya Kichwa cha Maman

Maman alikuwa anaongoza kwaya ya parokia yetu kule Bagira, na vita haikumfanya apunguze sauti. Risasi zikilia ng'ambo ya mji, alisimamisha waimbaji, akasikiliza kidogo, halafu akasema, "Iko mbali. Alto, murudilie." Mimi nilikuwa nasomea udaktari mjini. Nyumbani tuliishi naye pamoja na tonton, ndugu yake mdogo, mwalimu wa hesabu ambaye hakukubali jambo lolote kabla ya kuelezwa sababu.

Asubuhi moja maman hakuamka kwenda misa. Tulimkuta ana homa kali, amefunika macho kwa kitenge kwa sababu mwanga wa dirisha ulimuumiza. Nilijaribu kuinua kichwa chake, lakini shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Ugonjwa ule tulikuwa tumetoka kuusoma darasani, na kwa mara ya kwanza sikufurahi kujua jibu.

"Iko meninjiti," nilimwambia tonton, yaani homa ya uti wa mgongo. "Twende hospitali sasa hivi."

Teksi hazikutoka siku hiyo kwa sababu ya risasi za usiku. Majirani walileta kipoyi, tukamlaza maman juu yake, wanaume wanne wakakibeba mabegani, tukashika njia ya mjini. Askari walitusimamisha kwenye bariere, kizuizi chao cha barabarani, wakataka kujua tumebeba nini ndani ya shuka. Tonton akawaambia ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza. Walitupisha haraka sana. Shida ni kwamba wabebaji wetu nao walikuwa wamesikia, na ilibidi niwabembeleze ili waendelee kubeba.

Hospitalini tulimkuta daktari aliyewahi kunifundisha, mwanamke mfupi, mtulivu. Alimchoma maman sindano mgongoni kutoa maji ya uti. Maji hayo hutakiwa kuwa maangavu, lakini ya maman yalitoka na ukungu, kama maji ya kuosha mchele. Daktari akaagiza antibiotiki ya kuua microbe, yaani vijidudu, na akaagiza sindano nyingine itangulie: deksametazoni, dawa ya kutuliza uvimbe.

Tonton akasimama kati ya nesi na kitanda.

"Docteur, microbe njo inaua mutu. Juu ya nini munaanza na dawa ingine?"

Daktari hakukasirika. "Papa, microbe haiko shida peke yake. Mishipa ya damu ya mu ubongo iko na ukuta. Seli zake zimebanana sana, haziachi kila kitu cha mu damu kiingie. Kwa Kifaransa tunaita bariere."

"Hata mu kichwa iko bariere?"

"Iko. Na ile ya mu kichwa njo ya muzuri, tunaitaka." Nesi akacheka, na daktari akaendelea. "Mwili ukipigana na microbe, unatoa molekuli zinazoleta uvimbe. Zikizidi, zinalegeza ule ukuta. Unaanza kuvuja, maji yanaingia, ubongo unavimba. Na antibiotiki ikiua microbe mingi mara moja, vipande vyake vinaamsha uvimbe zaidi. Hii dawa inatuliza uvimbe, inasaidia ukuta ukae umebanana. Njo maana inatangulia."

Tonton alifikiri kidogo. "Sawa," alisema. "Mumupe." Akasogea pembeni kama mtu aliyetia sahihi.

Baadaye daktari aliniambia peke yangu kwamba meninjiti hupenda kuharibu masikio, na kwamba hilo tungelijua tu maman akiamka. Sikumwambia tonton. Nilikaa kando ya kitanda nikiangalia uso wa maman, na kila alipogeuka niliinama nione kama anaamka.

Siku chache zikapita. Alasiri moja masista vijana walikuja kuwaimbia wagonjwa wa chumba cha jirani. Maman alikunja uso, akafumbua macho.

"Ni nani anaimba vile?" aliuliza. "Soprano iko chini."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Daktari alipokuja, alisimama nyuma ya kichwa chake na kumwita kwa sauti ndogo, kwanza sikio hili, halafu lile.

"Niko nasikia," maman alisema. "Juu ya nini unaninong'oneza?"

Kisha akataka chakula. Alitaka bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, halafu sombe, yaani kisamvu, na alipokuwa akila alimsimulia nesi historia ya ukoo wetu wote. Daktari alitueleza kwamba dawa ile huweza kuleta njaa na maneno mengi.

"Njaa nakubali," tonton akajibu. "Maneno alizaliwa nayo."

Nyumbani hakupona mara moja. Kwa majuma kadhaa alitembea akishika ukuta, na alisahau majina ya watu aliowafahamu vizuri, akawaita wote "mutoto wangu", hata padri. Hakuna aliyelalamika.

Mtihani wa mdomo ulipofika, nilijiandaa kwa bariere ile kuliko kitu kingine chochote. Profesa akaniuliza figo. Nilimweleza figo, halafu nikapanda hadi kwenye tezi zilizokaa juu yake, nikasema zinatengeneza molekuli ya mwili wenyewe ya kutuliza uvimbe, ndugu ya deksametazoni, na kwamba hiyo nayo inasaidia kuulinda ukuta wa mishipa ya ubongo. Nikaendelea hapo kwa muda mrefu. Profesa alivua miwani.

"Mademoiselle," alisema, "tulikuwa kwenye figo."

Nilipita.